Neno la Mpagazi: Nani Alitimiza Ahadi kwenye Njia ya Tabora?

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha kwa UNESCO njia ya kati ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, iingie katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Iliwasilishwa kama njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo lina haki yake, lakini limezidisha mkanganyiko uliokuwapo tangu zamani. Mgeni anayefika Kwihara kuliona tembe alilokaa msafiri Livingstone huondoka akiamini kwamba kila aliyebeba mzigo kwenye njia ile alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Mwenyeji wa Unyamwezi aliyelelewa kwa habari za mababu waliokwenda pwani na kurudi na vitambaa ana picha nyingine: mtu huru, mpagazi kwa hiari, ambaye neno lake lilikuwa dhamana. Kisha yupo msomaji wa vitabu vya wasafiri wa Ulaya. Huyu amekuta humo malalamiko ya kila siku kwamba wapagazi ni waongo, wavivu na watoro.

Picha hizo tatu haziwezi zote kuwa sahihi kwa kipimo kimoja, na kinachobishaniwa ni kikubwa kuliko sifa ya kabila moja. Kwa miaka zaidi ya 50, mali ya thamani kubwa ilitembea miezi mitatu kwa miguu mikononi mwa watu wasiofahamiana, katika nchi zisizo na polisi wa pamoja, mahakama moja wala benki. Na mara nyingi ilifika. Ni nini kilichowafanya watu watimize ahadi zao, na ahadi zilipovunjwa, ni nani aliyezivunja?

Njia na kazi yake

Wanyamwezi waliijua njia ya pwani kabla Waarabu hawajajenga Tabora. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wakishuka na pembe na kupanda na nguo, ushanga na chumvi. Walisafiri hasa kiangazi, baada ya mavuno, ili mvua ziwakute nyumbani mashambani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipoweka makazi Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali palipokuja kuwa Tabora, walikuta kazi ya upagazi imekwisha kuwa na desturi zake. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857 na kuyakuta makazi ya nyumba za tembe, maghala na bustani. Njia ziligawanyika kutoka hapo: moja magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuzunguka Ziwa Tanganyika.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni takriban kilomita 800. Mbung'o walimaliza punda na ng'ombe, kwa hiyo kila kitu kilipita begani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu: majora ya merikani na kaniki, ushanga, masango ya shaba, baruti, na wakati wa kurudi pembe za ndovu. Ugogo ilikuwa lazima kulipa hongo kwa kila mtemi ili kupata maji na ruhusa ya kupita. Mbele yake na nyuma yake yalikuwapo mapori makavu ambako msafara uliochelewa ulikufa kiu.

Mapatano ya Wanyamwezi hayakuandikwa. Waliafikiana ujira, kwa kawaida doti za nguo, sehemu yake ikitangulia na sehemu ikibaki hadi mwisho. Waliafikiana pia posho ya kila siku, uzito wa mzigo na mwisho wa safari. Mpagazi akishaufunga mzigo kwa namna yake na kuuzoea begani, ulikuwa wake hadi mwisho, na kumbadilishia katikati ya njia kulizua ugomvi. Mbele ya wote alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani. Burton alieleza jambo dogo linaloonyesha jinsi sheria ya njiani ilivyofanya kazi. Mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alichomolewa mshale kutoka kwenye podo lake, na mshale huo ukahifadhiwa kuwa ushahidi wa faini atakayolipa safari itakapokwisha. Hakupigwa wala kufungwa. Deni liliwekwa kumbukumbu kwa kitu ambacho kila mtu alikiona, na wote walitarajia kwamba mwishoni mwenye mshale na mwenye deni watakuwa bado pamoja.

Mkanganyiko mwingi wa leo unatokana na kutozitazama desturi kama hizi. Watu wanauliza kama wapagazi walikuwa waaminifu, kana kwamba uaminifu ni rangi ya ngozi, ilhali jambo lenyewe linahitaji kuuliza uaminifu ulitengenezwa kwa vifaa gani.

Hoja ya mila

Hoja ya kwanza inasema uaminifu ulitokana na utamaduni. Ina mashiko zaidi pale inapoacha kusifu tabia na kuonyesha taasisi, na zilizo bora ni mbili.

Ya kwanza ni utani. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na makabila mengi yaliyokuwa kando ya njia ya pwani, Wazaramo wakiwemo, na watafiti waliolichunguza jambo hili wanauhusisha sana na misafara. Mtani huingia nyumbani kwako bila hodi, huchukua kuku wako, hukutukana mbele ya watoto, nawe huruhusiwi kukasirika. Juu juu ni mchezo. Chini yake kuna wajibu mzito: mtani ndiye anayekupa mahali pa kulala ukiwa mgeni, na ndiye anayekuzika. Kwa mtu aliyejua kwamba anaweza kufa kwa ndui au kuhara damu umbali wa mwezi mzima kutoka kwao, kuwa na watu waliolazimika kumfukia kaburini lilikuwa jambo la maana kuliko doti kumi za nguo. Utani uliwageuza wageni, ambao huenda walikuwa adui jana, wakawa watu wenye haki na madeni ya kudumu kati yao, bila kuhitaji mtawala wa kusimamia.

Ya pili ni kuchanjiana damu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliieleza desturi hii kwa ukamilifu. Wawili huchanjwa, damu ya kila mmoja huliwa na mwenzake pamoja na kipande cha nyama, na msimamizi hutamka laana zitakazomshukia atakayekwenda kinyume. Mfanyabiashara aliyechanjiana na mtemi alipata mlinzi. Mtemi naye alipata mtu wa pwani atakayemletea baruti na habari.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitisha kuwapo kwa kanuni bila kuthibitisha kwamba zilifuatwa. Mwezi Aprili 1876 msafiri Stanley na Mirambo, mtawala wa Urambo, walichanjiana, na Manwa Sera, mnyampara mkuu wa Stanley, ndiye aliyeiongoza ibada hiyo. Urafiki ule ulidumu. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika msafara ulioandaliwa na mfalme wa Ubelgiji, waliuawa huko Mpimbwe jeshi la Mirambo liliposhambulia mji waliokuwamo. Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia wauawe, na bado alipoteza imani ya Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar. Kiapo cha damu kilifunga watu wawili. Hakikufunga askari wa ruga-ruga elfu, wala hakikumlinda mtu wa tatu aliyejikuta upande usiofaa wa boma.

Hoja hii inaposema kwamba Wanyamwezi ni waaminifu kwa asili, naona inawapunguzia sifa. Inawanyang'anya kazi waliyoifanya ya kujenga mahusiano, na kuigawa kwa damu kama vile walizaliwa nayo.

Hoja ya mnyororo

Wanaopinga wanasema tusijidanganye, njia ile iliendeshwa kwa nguvu. Ushahidi wao si mdogo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi Fundikira, alisimulia mwenyewe kwa Kiswahili maisha yake. Humo anaeleza bila kuona haya jinsi wapagazi wake wa Uzaramo walipotoroka mwanzoni mwa safari, naye akarudi vijijini, akakamata watu na kuwafunga ili wabebe. Anasimulia kwa fahari ya mtu aliyetatua tatizo la usafiri. Stanley naye, katika safari yake ya mwaka 1871, aliwafunga minyororo waliotoroka na kukamatwa, na akawachapa.

Ni kweli pia kwamba watumwa waliotoka Manyema na kwingineko magharibi walipita Tabora kwa maelfu, wengine wakibeba pembe. Kuna jambo jingine gumu zaidi kulitamka katika Unyamwezi yenyewe. Mpagazi huru aliyerudi na ujira wake, mara nyingi aliutumia kununua mtumwa. Jan-Georg Deutsch, katika utafiti wake kuhusu utumwa wakati wa Wajerumani, ameonyesha jinsi utumwa ulivyotanda Unyamwezi ifikapo mwisho wa karne ya 19. Vijana walipokwenda pwani, mashamba yalilimwa na wanawake na watumwa waliobaki. Uhuru wa mpagazi wa kusema ndiyo au hapana kwa mwajiri ulisimama kwa sehemu juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuwa na uhuru huo. Anayetaka kusifu upagazi wa hiari bila kulitaja hili anasimulia nusu ya habari.

Hata hivyo hoja ya mnyororo inashindwa mahali pamoja pakubwa: hesabu ya walinzi. Msafara wa Wanyamwezi ungeweza kuwa na watu mamia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, huku mwenye mali akiwa na askari wachache wenye bunduki za gumegume. Vichaka viko kila upande na vijiji viko karibu. Watu wa namna hiyo huwezi kuwalinda miezi mitatu. Stephen Rockel, aliyeandika mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wapagazi wa njia hizi, amekusanya ushahidi mwingi kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye fahari ya kazi yao. Walijua kugoma, kukataa mzigo mzito, kudai posho iongezwe, na kuutelekeza msafara wa mwajiri mkatili. Minyororo ilikuwapo, na mateso yake yasipunguzwe hata kidogo. Ila minyororo haiwezi kueleza kwa nini pembe za mfanyabiashara asiye na jeshi zilifika Bagamoyo zote.

Hoja ya faida

Hoja ya tatu inasema: watu hutimiza ahadi kwa sababu kesho watahitaji kuaminiwa tena. Mwanauchumi Avner Greif aliifanya hoja hii kuwa maarufu kwa mfano wa wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Maghrebi wa karne ya 11, ambao barua zao zilihifadhiwa Cairo. Wakala aliyedhulumu mmoja alikataliwa na wote. Wapo wanahistoria waliompinga, wakisema wafanyabiashara wale walitumia pia mahakama. Hata kwa tahadhari hiyo, mfano unafaa kwa Tabora.

Mnyamwezi hakwenda pwani mara moja. Wengi walianza wakiwa vijana wadogo, na safari ya pwani ikawa kipimo cha utu uzima. Kirangozi aliishi kwa jina lake: akijulikana kwamba huongoza salama na hagawani na waajiri ujira wa watu wake, vijana humfuata. Akijulikana vinginevyo, hubaki nyumbani. Wapagazi walitoka vijiji vilevile na walirudi humo, na habari ya aliyeacha wenzake porini ilimtangulia kufika kwa mkwewe.

Hoja hii inaeleza vizuri utoro pia, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Utoro haukuwa wa ovyo. Ulizidi siku za mwanzo pale ujira mwingi ulipokuwa umelipwa kabla. Ulizidi karibu na nyumbani, mvua zilipokaribia na shamba likawa linasubiri. Ulizidi vita au njaa ilipokuwa mbele. Speke alikwama Kazeh mwanzoni mwa 1861 kwa sababu nchi ilikuwa na njaa na vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sele, na hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kupita. Zaidi ya hayo, wasafiri kadhaa waliozoea kulalamika walikiri wenyewe jambo moja: mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoroka aliuweka mzigo chini na kuuacha. Alijiondoa kazini. Hakuiba. Kwa macho ya mwajiri yote mawili yalikuwa usaliti mmoja, lakini kwa sheria ya njiani zilikuwa hatua mbili tofauti, na tofauti hiyo ilihifadhi njia ya kurudi kazini mwaka unaofuata.

Inapopungukiwa hoja ya faida ni kwa mtu ambaye hana safari nyingine mbele yake, au ambaye aliyempa ahadi amekwisha kufa. Kisa kimoja kilichopita Tabora kinaivuruga kabisa.

Kwihara, Oktoba 1873

Stanley alipoagana na Livingstone karibu na Kwihara mwezi Machi 1872, alimwahidi kumpelekea wapagazi kutoka pwani. Livingstone alikuwa na sababu ya kuogopa ahadi za aina hiyo. Mwaka 1866 watu wake wa Anjouan walimkimbia, wakafika Zanzibar na kutangaza kwamba ameuawa, ili walipwe mishahara yao. Safari hii wapagazi walifika, zaidi ya 50, katikati ya Agosti. Baadhi yao walikuwa waungwana wa Zanzibar, wengine vijana waliosomeshwa na wamishonari kule Nasik, India. Siku chache baadaye msafara ukaondoka kuelekea kusini.

Livingstone alikufa mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwajiri amekufa. Hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha, na wangeweza kuzika na kugawana mali. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike palepale. Ushauri haukuwa wa kipuuzi: njia ilikuwa na hatari, na watu wengi walichukia maiti kupita nchini mwao. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwenzao aliyesafiri na mwili hadi Uingereza alikuwa mmoja tu, Jacob Wainwright. Waliobaki walilipwa, wakaambiwa kazi imekwisha. Medali zilitengenezwa London baadaye, wakati wengi wao walikuwa wametawanyika.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya watumishi watiifu kwa bwana Mzungu. Mimi naona kinasema jambo jingine. Susi alitoka Shupanga upande wa Zambezi, Chuma alikuwa Myao, Wainwright alisoma India. Hawakuwa na kabila moja wala dini moja ya kuzaliwa. Kilichowaunganisha ni kambi: kirangozi wao, baraza lao la jioni, uamuzi waliouchukua pamoja na ambao hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuuvunja. Cameron aliuliza swali la faida akapata jibu la heshima. Ila heshima hiyo ilikuwa na mashahidi, watu wale wale waliolala moto mmoja kwa mwaka na zaidi.

Ahadi za wakubwa

Hadi hapa hoja zote tatu zimemtazama mpagazi. Hilo ndilo kosa la mjadala mzima, na vyanzo vyetu ndivyo vinavyotusukuma kulifanya. Mwenye kalamu alikuwa mwajiri. Aliandika kila mara mtu alipotoroka, na mara chache sana aliandika posho ilipopunjwa.

Tumchukue Burton. Hakuna aliyeandika kurasa nyingi kuliko yeye kuhusu kutoaminika kwa wapagazi, walinzi na waongozaji wa msafara wa 1857. Kabla ya safari, Hamerton, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa amewaahidi Said bin Salim, kiongozi wa msafara, pamoja na askari wa Kibaluchi zawadi za fedha kazi ikienda vizuri. Hamerton alifariki Julai 1857. Burton aliporudi Zanzibar mwaka 1859 alikataa kulipa, akisema hawakustahili na kwamba ahadi haikuwa yake. Balozi mpya, Rigby, aliwatetea waliodai, Speke naye akaunga mkono madai yao, na serikali ya Bombay ikamlaumu Burton. Msomaji wa vitabu vyake anastahili kujua hilo kabla ya kuamini alichoandika juu ya wengine.

Tuje kwa matajiri wa biashara yenyewe. Mfanyabiashara aliyepanda bara kutoka Zanzibar mara nyingi hakuwa na mtaji wake. Alichukua mali kauli kwa Wahindi kama Taria Topan, akaahidi kulipa pembe baada ya miaka miwili au mitatu, kwa riba nzito. Pembe zilipokosekana, au bei ilipoanguka, wengi hawakurudi. Walijenga Tabora, Ujiji au Manyema, wakaoa, wakalima, na deni likawasubiri pwani hadi kufa. Hao nao walikuwa watoro kwa maana kamili, na mzigo waliotoroka nao ulikuwa mkubwa kuliko wa mpagazi yeyote. Hakuna kitabu kilichowaita hivyo.

Mirambo alilijua hili. Stanley aliandika kwamba mwaka 1871 Mirambo alisimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji, akadai bunduki, baruti na nguo, akapewa, kisha akawaambia warudi walikotoka. Kwa Waarabu wa Tabora huo ulikuwa uvunjaji wa ahadi wa wazi, na ulichangia kuwasha vita vilivyoziba njia kwa miaka. Ni vigumu kumtetea Mirambo: hongo ni mapatano, na aliyepokea alipaswa kuruhusu. Lakini naye alikuwa na orodha yake. Miaka kumi hivi nyuma Waarabu walimwondoa Mnywa Sele utemini Unyanyembe kwa sababu alithubutu kuwatoza ushuru, wakamweka Mkasiwa aliyewafaa. Mtemi jirani aliyeshuhudia hayo alijifunza kwamba heshima ya wafanyabiashara kwa mamlaka ya mwenyeji ilidumu mradi haiwagharimu kitu.

Hata mtu mmoja anaweza kuwamo katika pande zote mbili. Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyekuwa mkandarasi mkubwa wa wapagazi, anaonekana katika kitabu cha Stanley cha 1872 kama kijana mjanja aliyechelewesha watu na kupandisha bei. Sewa Haji huyohuyo aliaga dunia mwaka 1897 akiwa ameacha mali yake kwa hospitali na mambo ya umma, na hospitali ya Dar es Salaam ilibeba jina lake. Stanley alimkuta katika biashara, wagonjwa walimkuta katika wakfu. Ushahidi wa mtu mmoja aliyekasirika hautoshi kumhukumu.

Kuzipima

Nikiziweka hoja hizi kwenye mizani, ya faida ndiyo inayoeleza siku nyingi zaidi za njia ile, kwa kuwa siku nyingi zilikuwa za kawaida: mzigo, posho, kambi. Lakini faida peke yake isingeweza kuanza. Mtu wa kwanza kumkabidhi mgeni pembe zake alihitaji sababu ya kutangulia kuamini, na hiyo ilitoka kwenye utani, kuchanjiana na kirangozi mwenye jina. Mila ilifungua mlango na faida ikauweka wazi. Mnyororo ulikuja pale ambapo mwenye nguvu hakutaka kulipa gharama ya kuaminiwa: posho ya kutosha, ujira wa haki, kusubiri msimu. Tippu Tip aliwafunga watu pale walipomkataa. Nguvu ilichukua nafasi ya ahadi iliyokwisha kushindwa, na ikafanya ahadi zilizofuata ziwe ngumu zaidi.

Msimamo wangu basi ni huu. Ahadi zilitimizwa kwenye njia ya Tabora kwa kadiri ambayo pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kupoteza. Mpagazi angeweza kupoteza jina na ujira, na mwajiri angeweza kupoteza watu wake usiku mmoja. Utoro, ambao vitabu vinauita dhambi, ulikuwa mahakama pekee ambayo mpagazi angeweza kumfikisha mwajiri. Ukiuondoa unabaki na mtu mmoja tu anayeweza kuadhibu, na ahadi yake haina tena sababu ya kutimizwa.

Ndivyo ilivyotokea. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikufa Januari 1893 akipambana na Wajerumani waliokuja kuitawala nchi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Tabora ilitekwa na majeshi ya Ubelgiji Septemba 1916, na kila jeshi lililopita likachukua wapagazi kwa lazima. Hawakuwa na kirangozi waliyemchagua, msimu waliokubaliana, wala haki ya kuuweka mzigo chini. Makumi ya maelfu ya waliowabebea Waingereza mizigo walikufa Afrika Mashariki, zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Mishahara ya wengi haikufika kwa warithi wao, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Baada ya vita serikali za makoloni ziliomba fedha hizo zisizodaiwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika, na London ikakataa.

Maelezo yanayowekwa Kwihara, Bagamoyo na Ujiji yangeweza kubeba mambo haya yote bila kumchosha mgeni. Watumwa waliopita pale watajwe, na mateso yao yasemwe wazi. Watumwa walionunuliwa na wapagazi watajwe pia. Mpagazi wa ujira naye apewe nafasi yake kama mfanyakazi aliyejua thamani ya bega lake, pamoja na utaratibu wa kirangozi na mshale wa faini, utani na kuchanjiana. Na jina la Burton linapowekwa ukutani, pembeni yake liandikwe la Said bin Salim, pamoja na sababu iliyomfanya adai malipo yake mbele ya balozi wa Uingereza mwaka 1859.